Programu ya Mshamu Isiyokubali Kwingine

Hapo zamani, katika mji wa Shangwani, alitawala Sultani Himidi, ambaye kompyuta zote za barazani kwake zilitumia mfumo huria. Yaani mfumo usiouzwa, ambao maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu aweza kuyasoma, kuyanakili na kuyageuza apendavyo. Sultani akajivunia mfumo huo mpaka siku alipofika Balozi Daremi, mjumbe wa mfalme jirani, akasema mbele ya wageni, "Mfumo wetu tumeununua kwa dhahabu, nao una programu zisizopatikana penginepo. Wenu una nini cha peke yake?" Sultani akaona haya kubwa.

Basi akaagiza aitwe Mshamu, fukara mmoja aliyekuwa akitengeneza kompyuta mbovu sokoni, akamwambia, "Ndani ya siku tatu niletee programu inayofanya kazi katika mfumo wetu tu. Lakini sheria yangu waijua: usiifunge, usiifiche, na kila atakaye umpe. Ukishindwa, utahama mji huu, wewe na mkeo."

"Nimesikia na kutii, Maulana," akasema Mshamu, akaenda zake.

Mkewe, Bi Mwanashehe, aliposikia akashika kichwa. "Bwana wee, tumekwisha! Programu gani njema iliyopata kuandikwa hapa, majirani wasiinakili wakaitumia kwao?"

Siku mbili Mshamu akakaa kitako, hali chakula. Siku ya tatu akaandika mistari tisa, akavaa kanzu yake moja aliyokuwa nayo, akaenda barazani.

Akaiweka programu katika kompyuta ya Sultani, akaifungua. Mara maandishi yote ya ndani ya mfumo yakaanza kupita kiooni, mstari baada ya mstari, wala hayaishi.

"Hii yafanya nini?" akauliza Sultani.

"Maulana, humwonyesha mwenye kompyuta yote yaliyomo ndani yake. Haina zaidi."

Balozi akacheka. "Ndiyo hii tu? Nipe nami."

"Chukua, bwana, ni yako." Mshamu akamnakilia palepale. Balozi akaifungua katika kompyuta aliyokuja nayo, nayo ikaandika: *Hairuhusiwi. Mwenyewe amekataza.* Akajaribu tena. Ikawa yale yale.

Mshamu akamwuliza kwa adabu, "Bwana Balozi, kompyuta hii ni ya nani?"

"Ya mfalme wangu! Ameinunua kwa dhahabu."

"Basi tafadhali, ukirudi, umwombe aturuhusu."

Balozi akasema kwa sauti ndogo, "Mfalme naye haruhusiwi na waliomuuzia."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, akampa Mshamu nyumba ya mawe na kanzu saba.

Kabla ya kuondoka, Balozi akamvuta Mshamu kando, akaomba nakala ya mfumo huria wenyewe. Akapewa, kwani ndiyo sheria. Na tangu siku hiyo Shangwani haikuwa tena na programu ya peke yake.