Dakika Tatu za Mtaa wa Korongoni

Alhamisi ya kwanza ya Februari, saa nne asubuhi, Mtaa wa Korongoni ulipewa dakika tatu za kusema mbele ya halmashauri. Mtaa huo ulikuwa na neno moja.

Halmashauri ilitaka kulifukia korongo lililo juu ya mtaa na kujenga stendi ya mabasi. Korongo lilikuwa kavu kwa miaka kumi na tisa, na watu walikuwa wakicheza mpira ndani yake. Lakini waliokuwepo mwaka wa mvua kubwa walijua kwamba maji ya mlimani hushuka kwa njia hiyo, na kwamba ikizibwa yatatafuta njia majumbani. Nyumba ya kwanza kutoka kwenye korongo ilikuwa ya Chausiku, muuza maandazi. Mumewe, Mashaka, aliangukiwa na jiwe machimboni, na tangu siku hiyo miguu yake haikumbeba tena. Asubuhi Chausiku alimbeba hadi barazani, jioni akamrudisha ndani.

Tangazo lilisema kila mtaa utoe msemaji mmoja. Chausiku alitaka kwenda mwenyewe. Majirani walikataa. Walisema mbele ya wakubwa haendi mtu asiyejua kusimama; mtaa utaonekana hauna watu. Wakamchagua Kibwana, mshereheshaji wa harusi, ambaye hakuna sherehe ya upande ule iliyofana bila yeye.

Jumatano jioni walikaa naye barazani kwa Chausiku, wakampa neno lenyewe: korongo lisifukiwe, maji yatakosa njia. Chausiku akamtaka alirudie. Akalirudia. Akamtaka tena.

"Shemeji, hilo hata kasuku ataliweza," Kibwana alisema, na watu wakacheka.

"Basi liseme kama kasuku," Mashaka akamjibu kutoka mkekani. "Usilitie nazi."

Kesho yake Kibwana alisimama ukumbini akiwa amevaa koti. Dakika ya kwanza aliwasalimu mkurugenzi, madiwani, viongozi wa dini na wageni waalikwa, kila mmoja kwa cheo chake, kwa sababu ndivyo anavyoanza mtu aliyelelewa. Dakika ya pili aliomba radhi kwa udogo wa mtaa wake, akashukuru kwa barabara iliyochongwa mwaka uliopita. Dakika ya tatu alisimulia habari za bibi harusi wa Korongoni aliyegoma kutoka ndani mpaka aletewe basi, na basi lilipokuja likakosa pa kusimama. Alikusudia kutoka hapo aingie kwenye neno. Ukumbi ulicheka. Mkurugenzi alivua miwani akafuta macho. Kibwana akangoja kicheko kipungue, kama anavyongoja siku zote, na alipofungua kinywa tena, aliyeshika saa akagonga meza.

Ukumbi ulipiga makofi. Watu wa Korongoni walipiga kuliko wote, maana hakuna mtaa mwingine uliosikilizwa namna ile.

Chausiku hakupiga. Alisimama, akanyoosha mkono. Mwenyekiti alimwona.

"Mama, kaa. Mtaa wenu umeshasema."

Aliendelea kusimama. Jirani yake akamvuta kanga, akamnong'oneza kwamba anawaaibisha. Akakaa. Katibu aliandika: Korongoni wanashukuru kwa barabara na wanaisubiri stendi.

Malori ya kifusi yalianza kazi Machi. Kibwana alisema atamwandikia mkurugenzi barua. Majirani walisema barua si kitu cha haraka, na kwamba mtu aliyewachekesha wakubwa vile hawawezi kumsahau.

Mvua ilinyesha mlimani Jumapili moja ya mwisho wa Aprili. Huku chini jua lilikuwa linawaka. Ilikuwa siku ya gulio, na Chausiku alikuwa gulioni na beseni lake la maandazi. Saa nane mchana maji yalifika kwenye kifusi, yakasimama kwa muda, kisha yakageuka. Wenye miguu walikimbia. Mashaka alikuwa barazani. Waliokuwa wakikimbia walimsikia akiwaita kwa majina, mmoja mmoja. Chausiku aliporudi alizuiwa na wanaume wanne.

Mwili ulionekana Jumanne, kwenye ukuta wa shule, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Alizikwa siku hiyo hiyo. Kibwana ndiye aliyetangaza ratiba ya mazishi, na waliohudhuria walisema aliongea vizuri.

Katikati ya Mei ilikuja kamati kutoka mkoani. Iliketi chini ya turubai, penye nyumba zilizobomoka, ikauliza kama wakazi waliwahi kuionya halmashauri. Katibu alifungua kitabu cha kumbukumbu za mkutano, akasoma mstari wa Korongoni. Kamati ikauliza kama kuna anayeupinga mstari huo. Watu walitazama chini. Kibwana alikuwepo. Chausiku alisema kwamba neno walikuwa nalo. Mkuu wa kamati akamuuliza lilisemwa na nani, na saa ngapi.

Kisha wakazi waliulizwa, kila mmoja kwa jina lake, kama katibu aliandika uongo. Walikuwa thelathini na mmoja. Wote walisema aliandika yaliyosemwa.