Pikapu Iliyoinua Pua

Mwaka ule kijiji cha Jilore kilishiba maembe. Matawi yaliinama hadi mbuzi wakayafikia, na kila uwanja ulinukia utamu uliokaribia kuoza. Lakini embe halina subira. Lisipofika Malindi alfajiri, kabla wanunuzi wa Mombasa hawajafunga malori yao, huwa ni la kutupwa. Kwa hiyo Nzai na mkewe Nyevu walipakia pikapu yao jioni, wakafunga turubai, na saa kumi za alfajiri wakashika njia, giza likiwa zito kama masizi ya chungu.

Taa za pikapu ile zilikuwa msiba. Vioo vyake vilifubaa vikawa vya manjano, na mwanga uliotoka haukushinda ule wa koroboi. Alfajiri moja, karibu na Kakoneni, punda alitokea mbele yao ghafla kama aliyechipuka ardhini. Nzai alipinda usukani, wakaponea chupuchupu, na nusu ya mzigo ikamwagika barabarani.

"Baba Menza," alimwambia mumewe, "siku moja tutaua mtu. Taa hizi hazifai."

Nzai alikubali palepale. Hakuwa mtu mbaya, Nzai. Alikuwa mtu wa haraka tu.

Wakamwendea Muhdhar, fundi wa umeme wa magari pale Maweni mjini Malindi, mtu wa maneno machache ambaye hakuachilia gari mpaka aridhike mwenyewe. Alizing'oa taa kuukuu, akafunga mpya pamoja na vioo vyake, taa za mwanga mweupe. Kisha akaliegesha gari mbele ya ukuta, akapiga mstari kwa chaki, akazungusha skrubu za taa kidogo kidogo kwa bisibisi mpaka mwanga ukalala chini ya mstari. Nyevu alisimama kando akimtazama, hakuacha hata mzunguko mmoja umpite.

"Nimezipima gari likiwa tupu," Muhdhar alisema akijifuta mikono. "Ukipakia, mkia hushuka, pua ikainuka, na taa zikawa zapiga watu machoni. Kesho ukitoka shamba pitia hapa, mzigo ukiwa juu. Nitazishusha tena. Ni kazi ya robo saa, na sitaki kitu."

"Nilete maembe gereji?" Nzai alicheka. "Bwana Muhdhar, wanunuzi wakishaondoka, utayanunua wewe?"

"Sinunui. Lakini mwenye taa haoni kosa la taa zake. Aonaye ni yule ajaye mbele."

"Tutakuja, fundi," Nyevu akasema. Nzai alikuwa ameshawasha gari.

Alfajiri ya safari ya kwanza, barabara ilijikunjua mbele yao kama mkeka mpya. Kila shimo lilionekana, kila jiwe, hata macho ya sungura kichakani. Nyevu alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Halafu akaona kitu. Mwanga ulikuwa haukomei barabarani. Ulipanda hadi vilele vya minazi. Lori lililokuja mbele yao likawapepesea taa mara mbili, mara tatu. Mwendesha baiskeli mmoja alishuka, akageuza uso kichakani kama mtu anayekwepa kofi.

"Baba Menza, twawaumiza watu."

"Nimeshusha, mama!" Nzai aligonga swichi kwa kidole. "Tazama. Zimeshuka mpaka mwisho. Hao wana wivu."

"Zapiga minazi."

"Basi minazi nayo ipate kuona."

Nyevu alicheka, maana neno lenyewe lilichekesha. Baadaye kicheko kile kilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Juma halikwisha kabla ya Mwaro, mgema wa Kakoneni, kuwajia sokoni akichechemea, goti limechubuka.

"We Nzai! Gari lako lamtafuta nani huko juu? Malaika?" Wachuuzi wakaangua kicheko. "Jana umenilaza mtaroni na dumu langu la mnazi. Nilipoinuka, siafu wameshamaliza. Siafu wamelewa, mimi mwenye mnazi nina kiu!"

"Ulikuwa umeshaonja nusu ndipo ukaanguka," Nzai akamjibu, na watu wakacheka tena.

Mwaro hakucheka. "Mimi nimeumia goti tu, ndugu yangu. Mwingine hatapona."

Jioni ile Nyevu alimkumbusha mumewe habari ya Muhdhar. Nzai akasema Ijumaa. Ijumaa ilipofika akasema Jumatatu. Wala hakuwa akidanganya, hilo ndilo la kusikitisha. Kila walipoingia mjini na mzigo, soko lilikuwa likiwaita. Kila walipotoka sokoni na nafasi, mzigo haukuwapo. Robo saa ile ikawa kama ndege wa mtini: waiona, huishiki.

Jumatatu ya tatu walichelewa. Turubai lilichanika, wakapoteza muda kulifunga upya, na Nzai alikuwa akiendesha kwa hasira. Walipokaribia kalivati, kile kidaraja cha mtaro mahali barabara inapopinda, Nyevu aliona taa moja ya pikipiki ikija. Iliyumba. Aliona mkono ukiinuka kufunika uso. Kisha ile taa ikazimika, kama mshumaa uliopulizwa.

"Simama. Yule ameanguka."

"Amekata kona kuingia kijijini."

"Hapa hapana njia ya kijiji, Baba Menza. Simama!"

"Wanunuzi wanaondoka, Nyevu! Kama ameanguka atainuka, kama Mwaro."

Nyevu aligeuka akatazama nyuma. Hakuona kitu ila giza lililojifunga baada yao kama maji. Alifumbua mdomo kusema mara ya tatu, akaufumba. Walifika sokoni, wakauza.

Jua lilikuwa limepanda kiasi simu ya Nzai ilipolia. Mwenye kupiga alikuwa mama yake. Ngumbao, mdogo wake Nzai, ambaye alilinda usiku katika hoteli moja mjini, alikuwa ameokotwa mtaroni na wapita njia. Mwanawe alishikwa na homa kali usiku, mkewe Emily akampigia simu, naye akaomba ruhusa atoke kazini mapema na pikipiki yake.

"Ameokotwa wapi, mama?" Nzai aliuliza.

Nyevu alilisikia jibu mahali alipokaa, juu ya kreti tupu. Kwenye kalivati. Akamtazama mumewe. Mumewe akayatazama maembe yaliyobaki.

Hospitalini Ngumbao alilala akiwa amefungwa bandeji kifuani, sauti yake ikitoka kwa vipande.

"Kaka, gari sikuliona. Niliona weupe tu, kama mtu amenimwagia maji ya moto machoni. Na hakusimama, kaka. Niliita."

"Pumzika, Ngumbao."

"Niliita sana. Mtu yule asipate usingizi maisha yake."

Nzai alikuwa amemshika mkono. Hakuuachia. Siku ya pili, adhuhuri, Ngumbao akakata roho, na Emily akalia kilio kilichowatoa wauguzi wodi za mbali.

Katika hanga la maombolezo, jamaa walipokuwa wameketi juu ya mikeka uwanjani, mama alimwita Nzai mbele ya wajomba zake. Macho yake yalikuwa makavu. Machozi yalikwisha jana.

"Nzai, wewe ndiwe mkubwa. Una gari, wazijua njia, wawajua madereva. Nitafutie mtu huyo. Simtaki kwa ugomvi. Nataka nimwone uso, nimwulize kwa nini alimsikia mwanangu asisimame."

"Nitamtafuta, mama," Nzai akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto.

Nyevu alikuwa amesimama na beseni la maji ya kunawa. Alijua kwamba akinyamaza, mumewe ataketi na wazee, atapewa pole, atashika jembe kaburini kama ndugu wengine. Na kila alfajiri, katika pikapu ile, watakuwa watatu: yeye, mumewe, na yule aliyeita. Akaliweka beseni chini.

"Mama, msimtafute mbali."

Akamtazama Nzai.

"Nilikuwa nimeketi kando yake. Nilimwambia simama, nikamwambia tena. Mara ya tatu sikusema. Nisamehe, mama."

Mama alimgeukia mwanawe taratibu, kama mtu anayegeuza jiwe asilojua lina nini chini yake.

"Sikujua kuwa ni yeye, mama," Nzai alilia. "Haki ya Mungu, ningejua ni Ngumbao ningesimama!"

"Na angekuwa mwana wa mwenzangu?"

Mama akajifunika leso yake kichwani, akaingia ndani, akafunga mlango.

Ngumbao akazikwa na wajomba. Nzai aliketi mbali, hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemwita. Kesho yake alijipeleka kituo cha polisi, akaeleza yote kwa mdomo wake, naye akazuiliwa huko. Emily alifunga mizigo, akawachukua wanawe wawili akarudi kwao Vitengeni. Na yule mdogo, aliyekuwa na homa, aliuliza njia nzima kama baba anawafuata na pikipiki. Wanawake wa kijiji walimsogelea Nyevu kwa salamu, wakaondoka kabla ya habari. Mama mkwe alimpokea chakula, akakila bila kumtazama. Shambani maembe yaliiva, yakaanguka, yakaoza chini ya miti, nzi wakatanda, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuyachuma.

Nzai ndiye aliyeikataa robo saa ya fundi, lakini hakuila peke yake hasara yake: ameila nduguye kaburini, ameila mjane, wameila mayatima, ameila mama aliyewazaa wote wawili, na Nyevu angali anaila. Kweli, mchuma janga hula na wa kwao.