Siku Hudhaifa Alipokalia Kiti cha Sheikh Burhani

Inasimuliwa kwamba, na aliyenisimulia hatii chumvi ila kwenye mchuzi, hapo kale katika mji wa Zabidi, huko Yemeni, aliishi mwanachuoni akiitwa Sheikh Burhani, Mungu amrehemu. Alisomesha mpaka wajukuu wa wanafunzi wake nao wakawa wanafunzi wake. Akianza darsa, wauza tende sokoni hunyamaza wenyewe, na punda, wallahi, husimama wakasikiliza.

Uzee ulipomlemea, alimvika joho lake mwanafunzi wake Hudhaifa mbele ya umma, akamkalisha kitini. Kisha yeye mwenyewe akaenda kuketi nyuma kabisa, penye viatu.

Hudhaifa alikuwa amehifadhi kila kitu cha mwalimu wake, hata kile kikohozi cha kabla ya Bismillahi. Akakohoa. Watu wakatabasamu. "Huyu ni mzee wetu mtupu!"

Ndipo akainuka mama mmoja, Bi Rumaisa. "Ewe sheikh, mwanangu aliondoka na msafara nikiwa nimemnyima radhi. Nilimwambia asinirudie. Akafa kwa kiu jangwani. Je, yuko peponi?"

Neno "ndiyo" lilikuwa jepesi. Lingemfuta mama machozi, na Hudhaifa lingemjengea jina siku ile ile ya kwanza. Akatazama kule nyuma; mzee kainamisha kichwa, hamsaidii. Hapo akakumbuka jinsi mjumbe wa sultani alivyowahi kungoja jibu la kumpendeza bwana wake, na Sheikh Burhani akamjibu neno moja tu, bila kuona haya.

"Sijui, mama," Hudhaifa akasema, machozi yakimlengalenga. "Hilo analijua Mola peke yake. Nijualo mimi ni kuwa radhi yako haikuzikwa pamoja naye. Ungali nayo. Waweza kumpa hata sasa."

Minong'ono ikapanda. "Hajui! Joho pana, kichwa kitupu!"

"Mrudisheni mzee wetu!"

Bi Rumaisa akawageukia. "Hebu nyamazeni! Masheikh wangapi wameniambia, 'Yuko peponi, nenda kalale,' na usingizi usije? Huyu ndiye wa kwanza niliyemwamini." Akainua mikono yake. "Ya Rabbi, mwanangu Suhaibu nimemridhia. Nimemridhia."

Subhanallah! Hata wale wanong'onaji walijifuta macho kwa vilemba.

Bado wapo waliomwendea Sheikh Burhani wakitaka jibu lililo bora. Mzee alijikongoja akipenya safu baada ya safu, mpaka mbele ya kiti, akapiga magoti kama mtoto wa chuoni.

"Mnaniuliza mimi?" akasema. "Muulizeni mwalimu wangu."

Enyi waumini, kikohozi cha mwalimu hata kasuku hukiweza. Lakini kumcha Mungu pale ulimi unapotamani sifa, hiyo ndiyo elimu inayorithiwa, na mwenye kuwaachia watu elimu hiyo hajaacha kusomesha, hata akilala kaburini. Mola atujaalie tuwe miongoni mwa warithi wa elimu hiyo.