Blanketi Moja la Nyungu

Hadithi hii nimeletewa na mtu aliyeletewa na mwenzake, na kila aliye nayo anadai anamfahamu binti mwenyewe. Mimi simfahamu, lakini tangu niisome sijatulia.

Mwaka ule wa ugonjwa wa mapafu, vyuo vilipofungwa, binti mmoja wa mwaka wa pili, Sekela, alikwama bwenini Dodoma na begi lililokwisha kufungwa. Kwao Tukuyu alikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea: bibi yake aliyemlea, mwenye pumu ya miaka mingi.

Mara tatu alikata tiketi ya basi, mara tatu akaahirisha. Mara ya kwanza alisikia kuna abiria aliyekohoa toka Dodoma mpaka Iringa. Mara ya pili ilimfika sauti ya kutisha iliyokuwa ikisambazwa kwenye simu. Mara ya tatu hapakuwa na habari yoyote, moyo tu uligoma. Ugonjwa, akilini mwake, ulikuwa na sura ya mtu asiyemjua: kondakta, muuza karanga, jirani wa kiti. Akimwambukiza Bibi, basi amemuua kwa mkono wake.

Bibi alipiga simu na utani wake wa siku zote. "Mke mwenzangu, unakuja au umeshaolewa huko?"

"Nakuja, Bibi. Naogopa njia tu."

"Njia haili mtu. Njoo nikuone."

Mwenzake wa chumba, Nyamizi, alimwonea huruma. "Tupige nyungu kabla hujaondoka," akasema. "Kifua kikishafunguka, hakuna mdudu wa basi atakayekukaa."

Wakachemsha mchaichai, mwarobaini na malimao kwenye sufuria kubwa. Walikuwa wanne, wao na wenzao wawili wa bwenini, na blanketi lilikuwa moja, kwa hiyo walibanana humo vichwa pamoja, wakivuta mvuke, wakikohoa na kuchekana. Shavu la Sekela lilikuwa limegusana na la Nyamizi. Wiki nzima ile, hapo tu ndipo alipokaa bila hofu. Nani atawaogopa watu anaokula nao sahani moja?

Alfajiri yake akaondoka. Alivaa barakoa mbili na kufungua dirisha la basi mpaka mwisho.

"Dada, funga hilo dirisha, tunakufa kwa baridi!" abiria wa nyuma akalalamika.

"Heri baridi, kaka," akajibu bila kugeuka.

Hakula, hakunywa, hakugusa chuma cha kiti. Aliposhuka Tukuyu jioni alikataa hata bodaboda, akapanda kilima kwa miguu na begi kichwani. Alipoiona nyumba alishusha pumzi. Nimevuka, akajisemea, akavua barakoa zote mbili.

Bibi alikuwa mlangoni. Katika nyumba ile, anayetoka safari hupiga magoti, na Bibi humshika kichwa kwa mikono miwili, paji kwa paji, akamwombea. Mikono ilikwisha kunyooshwa. Sekela alibakiza hatua chache simu ilipoita. Nusura asiipokee.

Alikuwa Nyamizi, sauti imemkauka. "Sekela, umefika?"

"Niko mlangoni."

"Usiingie! Leo nimepimwa, ninao. Sisikii harufu tangu juzi."

"Juzi? Si jana tu tulipiga nyungu?"

"Hata ule mchaichai sikuusikia. Nilidhani ni mafua. Nisamehe, ndugu yangu."

Sekela akarudi nyuma, hatua moja, mbili, mpaka kwenye ua. Mikono ya Bibi ilibaki hewani.

"Unanikimbia?" Bibi aliuliza, na machozi yalikuwa karibu. "Chuo kimekufundisha kunionea kinyaa?"

"Si wewe, Bibi. Ni mimi! Siku zote niliogopa watu wa basi, kumbe ugonjwa nimekuja nao mwenyewe."

Bibi aligeuza macho kwenye jiko la nje. Kisha akashusha mikono. "Jiko la nje halina mtu," akasema. "Nitakutupia mkeka."

Sekela akahamia huko. Majirani walicheka kwamba msomi amegeuka kuku wa kulala jikoni. Kila siku Bibi aliweka sahani juu ya jiwe la kusagia katikati ya ua, akarudi kwenye kigoda chake mlangoni, na hapo ndipo walipoongea kwa kupaza sauti.

Siku ya nne ilikuwa ndizi za maziwa, chakula alichokipenda tangu utotoni. Sekela aliinua sahani akainusa. Akainusa tena. Akaonja. Hakusikia chochote, si kitunguu, si maziwa, si moshi wa jikoni.

"Chumvi imetosha?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Imetosha, Bibi," akajibu, akala yote huku analia.

Ziliisha wiki tatu. Bibi hakukohoa hata mara moja. Ndipo Sekela alipopiga magoti uani, na mikono miwili ikakishika kichwa chake. Ilinuka moshi na kitunguu, naye akaisikia harufu ile vizuri kabisa.

Funzo: Kikulacho ki nguoni mwako. Unapofunga safari ya kwenda kwa umpendaye, usiishie kuuliza utakutana na nani njiani. Jiulize pia wewe unampelekea nini.