Kiti cha Nyuma ya Nguzo

Hapo zamani, si zamani ya wafalme na mazimwi bali zamani ya karibu, viti vya plastiki vilipokuwa vimekwisha kuenea nchi nzima, kulikuwa na chama cha waandaaji wa mikutano. Hao ndio watu wanaopanga viti ili wengine wakae, wanaoagiza chai ili wengine wanywe, wanaomwekea mgeni rasmi maji kabla hajakohoa. Mara moja kwa mwaka waliiacha mikutano ya watu wakafanya wa kwao, na mwaka huo waliufanyia Morogoro, katika ukumbi mrefu wenye nguzo moja nene katikati.

Chama kilikuwa na kengele ya shaba. Aliyekabidhiwa kengele hiyo ndiye aliyekuwa mkufunzi wa chama. Alizunguka mikoani akiwafundisha waandaaji wapya kazi. Mkufunzi wa zamani alikuwa amestaafu, na mwenyekiti, Mzee Semkiwa, aliwaambia wenzake walipofungua mkutano, "Leo tuna warsha mbili, ya asubuhi na ya mchana. Sitaki hotuba. Hotuba tunazisikia mwaka mzima tukiwa mlangoni. Nataka warsha ya vitendo, watu watumie mikono na miguu yao. Atakayetufundisha kitu, jioni atashika kengele. Na kengele ni moja, mshikaji ni mmoja."

Warsha ya asubuhi ilikuwa ya Atupele, mwanamke wa Mbeya. Kabla ya kuingia katika kazi ya mikutano alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mpaka shule yake ilipofungwa. Mikutano aliipanga vizuri, hakuna aliyemlalamikia. Lakini haikupita siku bila yeye kukikumbuka kile kimya cha mtoto anayekaribia kuelewa, kimya kifupi kinachokuja kabla uso haujafunguka. Kengele ile ingemrudisha kwenye kufundisha. Hakuwa amemwambia mtu.

Wazo lake lilikuwa jepesi. Waandaaji hupanga viti lakini hawavikalii. Basi leo wavikalie. Aliupanga ukumbi kama wao wanavyoupanga siku zote: viti vingine dirishani juani, kimoja chini ya kiyoyozi kinachovuja, vingine vimeegemezwa kwenye spika, kimoja nyuma ya nguzo. Kila mtu angekaa, angenyamaza kama wajumbe wanavyonyamaza, mpaka Atupele agonge meza. Hapo kila mtu angesema yaliyompata.

"Karibuni mkae," akasema.

Hawakuja. Walikuwa wamejipanga ukutani, nyuma kabisa, karibu na mlango, pale ambapo mwandaaji husimama. Jicho moja kwake, jicho moja kwenye birika.

"Karibuni viti, jamani."

"Asante, mwalimu, hapa panatutosha," mmoja akajibu. "Tukikaa sisi, chai itasimamiwa na nani?"

Akawakaribisha tena, kwa ile sauti yake ya darasani. Hawakuja. Walimpenda, walimhurumia, lakini miguu yao haikujua njia ya kwenda mbele.

Sasa, ukutani hapo alikuwapo Rwegasira wa Bukoba, mwenye warsha ya mchana. Ya asubuhi ikizama, ya mchana ingeelea. Alilijua hilo. Akatazama kwa muda, mikono kifuani. Kisha akaenda mbele, akakisukuma kiti kimoja kwa mguu, kikakaa upande. Akasukuma cha pili. Akapita safu nzima akivipotosha, akarudi ukutani.

Mwandaaji wa mikutano huvumilia njaa. Humvumilia mgeni rasmi aliyechelewa na mshereheshaji aliyelewa. Kiti kilichokaa upande hawezi kukivumilia. Mama mmoja wa Singida alijizuia, alijizuia, kisha akaenda kukinyoosha.

"Dada, hebu kikalie tuone kama kimenyooka," Rwegasira akasema.

Akakaa.

"Na wewe shemeji, hicho kinayumba. Kikalie."

Akakaa. Wakaenda wa tatu na wa nne, kila mtu na kiti chake, na kabla birika halijapoa ukumbi ulikuwa umejaa. Atupele akamtazama Rwegasira. Rwegasira akatazama dari.

Atupele akaanza kuzungumza kwa sauti ya kuchosha, makusudi, kama wazungumzaji wengi. Wa dirishani wakaungua. Wa karibu na spika wakaziba sikio moja. Maji ya kiyoyozi yakamdondokea bwana mmoja mwenye upara, tone, kisha tone, naye akatulia. Yote yalikwenda kama alivyopanga.

Nyuma ya nguzo alikaa Bi. Mashavu wa Tanga, mtu mzima, mpana wa mwili na wa maneno.

"Mwalimu," akasema, "mimi hapa nakusikia kama redio ya jirani. Sikuoni."

"Vumilia, Bi. Mashavu. Hilo ndilo somo."

"Somo limenifika kitambo. Sasa nilifanye nini, nilale nalo?"

Watu wakacheka. Bi. Mashavu akainuka. Atupele akainua mkono kuwatuliza. "Tafadhali kaa, mama. Tutazungumza mwishoni."

Bi. Mashavu hakukaa. Alikinyanyua kiti chake, akajitwika kichwani, akaenda nacho mahali penye kuona. Njiani akasimama kwa yule mwenye upara. "Mwanangu, maji yanakudondokea utosini nawe umetulia. Unabatizwa?"

Bwana yule akainuka na kiti chake. Wa dirishani wakainuka. Mara ukumbi mzima ukawa unaburuta, unabishana, unapima kwa hatua. "Huku jua." "Huko spika." "Geuza basi, geuza wote." Wakageuza mpaka mzungumzaji akawa kwenye ukuta mrefu, viti vikamzunguka kama mwezi mchanga, na ile nguzo ikabaki nyuma ya migongo ya watu wote. Mzee mmoja aliyekuwa ameupanga ukumbi huo kwa miaka mingi, siku zote kwa namna ileile, akasimama akiutazama.

"Kumbe," akasema polepole.

Wakanyamaza. Atupele alikuwa bado ameinua mkono, warsha yake imevunjika mbele yake, na hakuwa amegonga meza. Lakini kimya kile alikijua.

Mchana Rwegasira aliendesha warsha yake. Ilikuwa nzuri, ila watu waliifanya huku wakizungumza habari za viti. Jioni Mzee Semkiwa akaichukua kengele.

"Asubuhi tumefundishwa," akasema. "Nimwite nani?"

Rwegasira akasimama. "Mzee, somo lilikuwa linafia pale mbele, sote tunalitazama. Ningenyamaza, siku ingekuwa yangu. Chakula kisichofika kinywani humshibisha nani? Mimi nimekifikisha."

"Kwa hila," sauti ikasema.

"Kwa hila, ndiyo. Wewe ulikaa kwa hiari?"

Bi. Mashavu akazungumza bila kuinuka, maana alikuwa amekipata kiti kizuri. "Mimi sikuja kutafuta kengele. Kiuno kiliniuma. Lakini mkiniuliza nitasema. Huyu aliwaza, huyu akawakalisha. Mngekaa mpaka saa hizi, mmeungua na mmelowa, mnangoja meza igongwe. Kukaa hata jiwe hukaa. Aliyewainua ni nani?"

Atupele alizungumza mwisho, na kwa sauti ndogo. "Bila viti vile, Ndugu Rwegasira angewakalisha wapate nini? Wangekunywa chai tu. Na Bi. Mashavu angeinuka kutoka wapi? Mimi ndiye niliyekiweka kiti nyuma ya nguzo."

"Lakini alipoinuka, ulimwambia akae," Mzee Semkiwa akasema.

"Nilimwambia akae," Atupele akakubali.

"Ipewe nguzo," mwenye upara akasema. "Ndiyo iliyovumilia kuliko wote."

Wakacheka. Mzee Semkiwa hakucheka. Alivuta kiti kimoja mpaka katikati ya ukumbi, akaiweka kengele juu yake, akaondoka kwenda kukaa na wenzake.

Kiti kilikuwa kimekaa upande. Wote waliona. Mikono iliwawasha, lakini hakuna aliyekwenda kukinyoosha, maana atakayekigusa ataonekana ameifuata kengele. Rwegasira akatazama dari. Bi. Mashavu akajikandakanda kiuno. Atupele akaikalia mikono yake, kama alivyokuwa akiwafundisha watoto wake wa darasa la kwanza kufanya wanapotaka kitu sana.

Nami kengele nimeiacha palepale. Basi nanyi mnaonisikiliza, mlio mbele, na wewe uliye nyuma ya nguzo, semeni: aliyeviwaza viti, aliyewakalisha watu, na aliyewainua; je, kati yao ni nani aliyestahili kukinyoosha kiti kile?