Ruthie Hatalala Peke Yake

Jamani, mnaposikia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, mnadhani wanasemwa watu tu? Waulizeni wa Elbow Creek, kule Minnesota. Watawaambia hata mwanasesere huugua, tena huambukiza.

Wilma Torvik ndiye aliyekuwa mshona wanasesere wa mji ule mdogo. Mtoto akifika miaka minne, mama yake alimpeleka akatwe kishungi cha nywele, na baadaye Wilma alitoa mwanasesere wa kitambaa na waya, sura ile ile, nywele zile zile. Watoto wakishakua, wanasesere walirudi kwake kama njiwa tunduni. Sebule yake ilikuwa mji mzima wenye miaka minne.

Mmoja tu hakumshona yeye: Ruthie, wa seluloidi, ile plastiki ya kale iliyo nyepesi kama ganda la yai. Alikuwa wa binti yake, aliyeuawa na polio. Hospitali ilimtenga yule mtoto. Mama akawa anamtazama kupitia kioo cha mlango, mpaka asubuhi moja akakuta kitanda kitupu.

Basi maktaba ya mji ikaomba wanasesere wote, ikawatengenezea kabati la kioo lililozibwa kabisa, vumbi lisipenye. Watu walichangamka kama wana harusi! Hata Marlys Quade, shoga yake Wilma tangu usichana, alikubali kumtoa Dean wake, mwanasesere wa mwanawe. Dean wa kweli alikwenda vitani akarudi ndani ya sanduku. Zile nywele za mwanasesere ndizo zilizombakia mama yake.

Alimpeleka mwenyewe kwa Wilma, siku moja kabla ya kwenda Arizona kukimbia baridi. Wakinywa kahawa, Marlys akanusa harufu kali. Akamgeuza Ruthie, akaona jasho la njano shingoni.

"Shoga, huyu anaumwa. Seluloidi ikitoa jasho, mvuke wake unakula wenzake wote. Mtenge."

"Joto tu hilo. Hata wewe unatoka jasho."

"Siku nikinuka hivi, nizike."

Wakacheka, lakini Marlys hakuliacha. Alitaka kusikia kwa kinywa cha Wilma kwamba Ruthie hataingia kabatini. Wilma akaahidi, macho yakiwa kwenye kikombe.

Siku ya kuwapanga, Wilma alimpangusa Ruthie, akampaka poda, akamvika gauni la kufunika shingo. Mkutubi alipouliza harufu ile ni ya nini, aliambiwa ni dawa ya kufukuza nondo wala nguo. Ruthie akakalishwa katikati, bega kwa bega na Dean. Kabati likafungwa.

"Hutalala peke yako tena, mama," Wilma alimnong'oneza kupitia kioo.

Theluji ikaanguka, maktaba ikawashwa joto usiku na mchana. Kioo kikaingia ukungu wa njano. Watu walipita wakisema ni baridi ya mwaka huu.

Marlys aliporudi, theluji ikiyeyuka, alikwenda maktaba moja kwa moja na koti lake la safari. Mkutubi akafungua. Ikatoka harufu kali ya kukata koo, wote wakarudi nyuma. Uso wa Ruthie ulikuwa umepasuka na kutumbukia ndani. Waliomzunguka walikuwa wamebabuka, magauni yanasagika, waya za shaba zimeota kutu ya kijani. Marlys akamnyanyua Dean. Nywele zikamwagika vidoleni mwake kama majivu.

Wilma aliitwa, akaja na mkongojo wake, akasema yote bila kuulizwa mara mbili. Kila mtu alingoja Marlys alipuke. Hakulipuka.

"Ungeniambia, Wilma," alisema taratibu. "Ningemchukua Ruthie kwangu. Ningekaa naye mimi."

Akafunga kiganja juu ya yale majivu, akatoka. Wilma alibaki amesimama mbele ya zile nyuso, na hapakuwa na hata mmoja alioweza kuutambua. Ugonjwa aliufunika kwa poda na gauni, na mwishowe ulijitangaza wenyewe mbele ya mji mzima: mficha maradhi, kifo humuumbua.