Nyati Akabidhiwa Theluji

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nini?
— Mlima, na theluji mabegani!
— Mlikuwapo?
— Hatukuwapo!
— Nami sikuwapo. Basi sikilizeni kwa tahadhari.

Inasemekana kwamba Pimbi, bibi yake mkongwe na ukoo wao waliishi katika mapango ya mlima mrefu, juu ya malisho madogo. Desturi yao ilikuwa moja: mteremko wa theluji huvukwa alfajiri tu, ungali mgumu. Jua likiupiga, mlinzi hupiga mbinja, fiii! Hapo haukanyagwi tena.

Akaja Nyati, akajitwalia malisho. Mwana wa Pimbi aliposogea kula, Nyati akamkanyaga, akafa.

"Kosa ni lake," akasema Nyati. "Alifuata nini chini ya ukwato wangu?"

Pimbi akameza uchungu, akamwendea.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Ng'ambo ya theluji yapo malisho mapana zaidi."

"Mlinificha, panya nyie!"

"Tumetubu. Twende tukukabidhi."

Wakafika alfajiri. Nyati akainua mguu.

"La, Bwana! Bila mashahidi, kesho utaitwa mwizi."

"Mwizi, mimi? Waite!"

Akaja shahidi wa kwanza, akaapa. Jua likapanda. Akaja wa pili, akaapa. Jua likapanda. Akaja wa tatu, akaapa kwa babu zake wote, mmoja mmoja. Jua likapanda. Theluji ikadondoka: to, to, to. Mlinzi akapiga mbinja: fiii!

"Nini hiyo?"

"Wanakushangilia, Bwana."

Nyati akacheka, lakini hakuwa mjinga kabisa. "Mmoja wenu atangulie, anionyeshe mpaka."

Hilo Pimbi hakulipanga.

"Nitakwenda mimi," akasema bibi yake.

"Bibi, rudi!"

"Alimkanyaga kitukuu changu. Nyamaza, mjukuu wangu."

Akatangulia, tipu, tipu. Nyati akafuata, kdu! kdu! huku akinguruma. Wapo wasemao ngurumo ndiyo iliyoiangusha theluji. Sikubali: ushahidi waelekea jua, na uzito wa Nyati mwenyewe. Mteremko ukapasuka, kwa! Kisha vuuuuu!

Kimya.

Theluji ilimfunika Nyati. Ilimfunika bibi. Ilifunika na malisho yaliyogombewa, ukoo ukabaki kulamba kuvu miambani.

Hadithi imekomea hapo. Asiyeridhika akakate rufaa kwa mlima. Na funzo lake, watoto, ni hili: msibishane kamwe na mwenye nguvu. Mpeni ardhi yote anayoidai, tena mbele ya mashahidi.